Mpira wa mazoezi ujaze kwa futi, usiujaze kwa kidole gumba

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Tabata Kimanga na hapo hapo ndipo ninaposhonea, barazani wakati wa kusi, ndani wakati wa mvua. Miaka 19 ya kuinama juu ya sindano siyo mchezo, na mwaka jana mgongo ulinidai deni lake lote kwa mkupuo. Nilifika mahali pa kushuka kwenye daladala kinyumenyume huku nimemshika konda bega, naye ananiambia, "Taratibu mama, taratibu, hatukimbizwi." Konda wa Dar akikuambia hivyo, ujue hali yako mbaya.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo niliyeenda kumwona alinitazama ninavyokaa, akaniandikia mazoezi manne, akasema ninunue ule mpira mkubwa wa kukalia. Alinieleza mengi kuhusu mgongo. Kuhusu kuujaza upepo hakusema neno, nadhani kwa sababu wa kwake aliukuta kazini umeshajazwa. Basi mpira wangu wa kwanza niliuharibu siku ileile niliyoununua. Wa pili ninao mpaka leo na bado ni duara kama chungwa. Nitakayoandika hapa ni yale niliyojifunza kati ya mpira wa kwanza na wa pili.

Ule wa kwanza

Nilienda Kariakoo Jumamosi, siku ambayo Mtaa wa Kongo unatembea kwa kusukumwa. Kijana muuzaji akanipima kwa macho toka unyayoni mpaka kilembani, akasema, "Mama yangu, chukua huu wa 75. Mkubwa ndiyo wenyewe, jimu wanatumia huu." Mimi nina urefu wa sentimita 158. Sijawahi kumshonea mteja gauni bila kumpima, lakini mpira nikaununua bila kupimwa.

Ndani ya boksi kulikuwa na mpira umekunjwa, vizibo viwili vyeupe, na pampu ndogo ya plastiki ambayo ningeweza kuapa ni ya watoto kurushiana maji. Nikaidharau. Kona ya kwetu yuko fundi pancha mwenye kompresa, nikaona ya nini kujichosha, nikampelekea. Akachomeka mdomo wa bomba, kompresa ikanguruma, na kabla sijamaliza kusalimiana na mama muuza mihogo, mpira ulikuwa umenifika nyongani. Kijana akaubonyeza kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza tairi la bodaboda. "Bado laini huu, mama." Akaongeza. Akabonyeza, akaongeza tena. Watoto walikuwa wameshajipanga.

Niliubiringisha mpaka nyumbani na msafara nyuma yangu, nikauacha barazani, nikaingia kupika. Ilikuwa Februari, kaskazi, jua la saa saba mchana. Nilipotoka, mpira ulikuwa umeota nundu upande wa kizibo. Nundu ya ng'ombe kabisa, na plastiki ya hapo imekuwa nyembamba mpaka inang'aa. Nikatoa upepo haraka haraka. Nundu ikalala, lakini kila nilipojaribu kuujaza upya iliamka palepale.

Simlaumu yule kijana. Yeye anajua matairi. Tairi lina nyuzi na waya ndani yake zinazolizuia lisipite ukubwa wake, kwa hiyo ukiongeza upepo linakuwa gumu, halikui. Mpira wa mazoezi hauna uzi hata mmoja. Ni plastiki laini ya PVC peke yake. Ukiongeza upepo unavutika, tena hauanzi kuvutika kote kwa pamoja, unaanzia pale palipo dhaifu. Fundi wa nguo yeyote atanielewa: ni kama kitambaa cha kuvutika kisicho na bitana. Kivute kwa pupa mara moja, hakirudi.

Kwa hiyo kidole gumba hakikuambii kitu. Mpira uliojaa sawasawa bado unabonyea ukiukalia, na ndivyo unavyotakiwa uwe. Kinachokuambia kwamba umejaa ni kipimo cha upana wake, basi.

Namba yako

Geuza mpira utafute namba. Mara nyingi ipo karibu na tundu la upepo, au kwenye boksi: 45, 55, 65, 75. Hizo ni sentimita za kipenyo, yaani upana wa mpira toka upande mmoja hadi wa pili ukiwa umejaa. Huo ndio mwisho wake. Hauruhusiwi kupita hapo.

Karatasi za watengenezaji hazikubaliani sentimita kwa sentimita, ila kwa jumla mtu wa chini ya sentimita 165 hivi anakaa vizuri kwenye mpira wa 55, kuanzia hapo mpaka kama 180 ni wa 65, na wa 75 ni wa wale warefu wa kweli, wanaosafiri kwenye daladala shingo imepinda. Kipimo cha uhakika ni kukaa: nyayo zote mbili chini, magoti yamekunjika kama kona ya meza, mapaja yamelala sawa na sakafu au nyonga ziwe juu ya magoti kidogo tu. Mimi ule wa 75 ulinining'iniza miguu kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi. Wa pili nikachukua wa 55, na safari hiyo niliingia Kariakoo na futi yangu shingoni.

Sasa, kipenyo huwezi kukipima kwa futi ya kitambaa, maana haipenyi katikati ya mpira. Pima mzunguko, kama unavyompima mtu kiuno. Mzunguko ni kipenyo mara 3.14. Mpira wa 55 ukijaa, mzunguko wake ni sentimita 173. Wa 65 ni 204, wa 75 ni 236. Andika namba ya mpira wako kwa kalamu kwenye mfuniko wa boksi, kwa sababu ukishaanza kupiga pampu kichwa hakikumbuki kitu.

Chini yake andika namba ya pili, ya siku ya kwanza. Siku ya kwanza mpira haujazwi hadi mwisho. Unajazwa mpaka kipenyo kifike asilimia 80, halafu unaachwa ulale. Kwa mpira wa 55 hiyo ni kipenyo cha sentimita 44, mzunguko 138. Kwa wa 65 mzunguko ni 163, na kwa wa 75 ni 188.

Hapa binti yangu, yuko kidato cha tatu, alinishika kosa. Nilikuwa nawaambia wateja waliouliza, "Siku ya kwanza tia asilimia 80 ya upepo." Akasema, "Siyo ya upepo mama, ya upana." Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo akaniandikia mezani: mpira unakua pande tatu kwa wakati mmoja, kwa hiyo ni 0.8 mara 0.8 mara 0.8, inatoka 0.512. Yaani mpira unaouona kwa macho kama umekaribia kujaa, una nusu tu ya upepo wake. Mpira wa 55 ukijaa unabeba kama lita 87, madumu manne ya maji na kitu juu. Siku ya kwanza unaweka lita 45 hivi, madumu mawili na kidogo. Ndiyo maana siku ya pili watu wanapiga pampu mpaka wanaulizana mbona haujai, wanaanza kuhisi unavuja. Hauvuji. Nusu ya kazi ilikuwa bado.

Fagia kwanza

Nyumba ya fundi ni mahali pabaya kuliko pote kwa kitu kama hiki. Pini, sindano zilizovunjika, vifungo vya chuma. Nilifagia mara mbili, kisha nikapitisha sumaku niliyoichomoa kwenye spika ya redio mbovu, na bado ilinasa pini tatu toka kwenye nyufa za saruji. Kwako huenda hakuna pini, lakini angalia misumari iliyochomoza kwenye stuli, kokoto zinazoingia na ndala, pete, zipu, na ile pini uliyobania mtandio. Tandika mkeka au shuka nene.

Chagua kivuli. Karatasi ya kwenye boksi langu ilisema mpira ujazwe kwenye joto la chumba, nyuzi 20, nikacheka peke yangu, maana Dar es Salaam chumba cha nyuzi 20 ni cha benki. Wanachoogopa wenzetu wa nchi za baridi ni plastiki iliyopoa ikakakamaa, ikavutwa kabla haijalainika. Sisi balaa letu liko upande wa pili. Hewa ikipanda joto kwa nyuzi 10 inadai nafasi ya ziada kama asilimia 3. Hiyo peke yake siyo kubwa, ila jua lilelile linailainisha na plastiki, kwa hiyo mmoja anasukuma na mwingine analegea. Nundu yangu ilipata nguvu hapo.

Toa mpira kwenye boksi, ukunjue, uuache chumbani saa moja au mbili makunyanzi yalegee na ile harufu ya plastiki mpya itoke dirishani. Usiuanike juani ili kuharakisha.

Siku ya kwanza

Nilianza saa kumi na mbili asubuhi, kabla wateja hawajaanza kupiga hodi.

Kama kizibo kimeshachomekwa, usikichokonoe kwa kisu wala mkasi. Baadhi ya maboksi yana kabari ndogo ya plastiki ya kukichomolea. Kama haipo, mpini wa kijiko cha chai unatosha: upenyeze chini ya kichwa cha kizibo, inua kidogo, zunguka, inua tena. Kikishatoka kiweke kwenye sahani. Ni kidogo, cheupe, na kina tabia ya kubingirika chini ya kabati.

Chomeka ncha ya pampu. Nyingi zina ncha iliyochongoka, nene nyuma na nyembamba mbele, ili ibane kwenye tundu. Isukume mpaka uone imekaa. Ukisikia upepo unafyuka pembeni, haijakaa. Pampu yangu ni ya mkono na inapuliza ukisukuma na ukivuta pia. Kama yako inapuliza upande mmoja tu, chemsha chai kabisa kabla hujaanza.

Mwanzoni hutaona chochote. Mapigo thelathini ya kwanza mpira unajikunjua tu pale chini kama chapati inayofikiria kufura. Hapo ndipo watu wengi wanapokata tamaa wakaenda kwa mwenye kompresa. Vumilia. Ghafla unaanza kusimama.

Ukisimama, simama na wewe. Kuanzia hapo pima kila baada ya mapigo ishirini. Futi ipite mahali panene kabisa, katikati ya tumbo la mpira, isipite juu ya tundu, na isikazwe mpaka ikazama. Ikiteleza kidogo tu kutoka panene itasoma pungufu, nawe ukiiamini utaongeza upepo ambao haukutakiwa. Mwite mtu ashike upande wa pili. Ukiwa peke yako, weka alama nne za chaki kuzunguka mpira kwa usawa mmoja, upitishe futi juu yake. Pima mara tatu, chukua namba kubwa kuliko zote. Kwenye gauni ningefanya hivyohivyo kwa mtu anayejikaza tumbo.

Kwa mpira wa 55, siku ya kwanza futi ya fundi inatosha kabisa: ina sentimita 150, na unachotafuta ni 138. Mimi ilinichukua mapigo 107 na mapumziko mawili, la pili likiwa la mteja aliyekuja kudai sare za shule ambazo kusema kweli zilikuwa hazijakamilika.

Sasa kinachowatisha watu: kuchomoa pampu na kuingiza kizibo. Upepo utatoka, ndiyo. Lakini ndani ya mpira huu nguvu ya upepo ni ndogo, wala haikaribii tairi, na kidole kimoja kinaizuia. Shika kizibo mkono wa kulia, chomoa pampu, ziba tundu kwa kidole gumba cha kushoto (hapa sasa ndipo kidole gumba kina kazi), pumua, kisha badilisha kwa mara moja na usukume. Kikigoma, kilowanishe kwa maji. Usipake mafuta, maana kilichoingia kwa mafuta kitatoka kwa mafuta. Kisukume mpaka kichwa chake kilale sawa na ngozi ya mpira. Mimi kucha mbili zilikatika kabla sijakumbuka kwamba mpini wa mwiko ungefanya kazi hiyo bila maumivu. Upepo utakaopotea hapo ni kidogo. Mimi huongeza mapigo matano kabla ya kuchomoa, mambo yanakwisha.

Chukua maji ya sabuni yenye povu, pakaza kuzunguka kizibo, tazama. Ni dawa ileile ya fundi pancha na beseni lake. Vipovu vikizaliwa na kukua, kizibo hakijafika mwisho. Vikitulia, futa uende zako.

Halafu uache. Saa 24. Usiukalie, usiwape watoto, hata wakija wamejipanga mstari na adabu zao zote wakisema "shikamoo bibi". Muda huo plastiki inatanuka polepole na kwa usawa, na makunyanzi ya boksi yanaisha. Kesho yake utaukuta umelegea kidogo. Kama povu halikuonyesha kitu, huko siyo kuvuja, ni plastiki imeongezeka ukubwa na upepo umebaki uleule.

Wakati unasubiri, hadithi niliyopewa na mtaalamu wangu. Watu wengi wanauita mpira wa Uswisi, kumbe aliyeutengeneza alikuwa Mwitaliano, Aquilino Cosani, mtu wa vitu vya plastiki, mwaka 1963. Uswisi iliingia kwa sababu huko ndiko ulikoanza kutumika kwenye matibabu. Mary Quinton, mtaalamu wa viungo kutoka Uingereza aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, aliutumia kwa watoto wachanga. Nilipolisikia hilo la watoto wachanga nikaelewa kwa nini haukutakiwa kuwa mgumu kama tairi la fuso.

Siku ya pili, na pengine ya tatu

Chomoa kizibo, chomeka pampu upesi, endelea. Kama ni mpira wa 55 sasa unatafuta 173, na futi inaishia 150. Nimemwona fundi mwenzangu akitaka kuunganisha futi mbili kwa pini. Pini, juu ya mpira! Chukua ukanda wa kitambaa kisichovutika au kamba ya katani, upime sentimita 173 mezani, weka alama ya kalamu, kisha uzungushe mpirani. Alama ikikutana na mwanzo wa kamba, umefika.

Ipo njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa sababu haihitaji msaidizi. Weka alama ya penseli ukutani, sentimita 55 kutoka sakafuni. Sogeza mpira uguse ukuta chini ya alama hiyo, laza rula ndefu juu ya mpira mpaka ncha yake iguse ukuta, hakikisha imelala sawa. Ncha ikiwa chini ya alama, ongeza upepo. Ikigusa alama, weka pampu chini. Hiyo alama niliiacha ukutani mpaka leo, mwenye nyumba anadhani ni ya kupima ukuaji wa mjukuu.

Huenda ukafika mahali mpira umekaza, pampu inakurudishia mkono, na kamba bado imebakiza sentimita nne. Acha hapo. Ziba, lala, rudi kesho. Plastiki mpya inaweza kuchukua siku mbili tatu kukubali kufika kwenye namba yake. Wangu ulifika asubuhi ya siku ya tatu. Na ukifika 173 huku mkono unakuambia bado ni laini, usiusikilize mkono.

Kisha kaa. Mara ya kwanza kaa karibu na ukuta, miguu wazi upana wa mabega, peku au viatu visivyoteleza, na kanga uikunje vizuri maana ikinaswa chini ya mpira utaanguka nayo. Magoti yakiwa juu kuliko nyonga na mpira umeshafika namba yake, mpira huo ni mdogo kwako, na upepo wa ziada hautausaidia. Miguu ikining'inia, punguza upepo. Kupunguza ni ruksa wakati wowote.

Kama huna pampu

Iliyo bora kuliko zote ni pampu ya godoro la upepo, ya mguu au ya umeme, kwa sababu inatoa hewa nyingi yenye nguvu ndogo, na hicho ndicho mpira unachokitaka. Ya umeme usiiachie ukaenda kuangalia maharage. Izime kila baada ya muda mfupi, pima.

Pampu ya baiskeli inaweza, ila inapuliza kidogo kidogo na nguvu nyingi, kwa hiyo jiandae kwa mapigo ya mamia. Mdomo wake ni mwembamba kwa tundu hili. Jirani yangu alikata kasha la peni, akasugua kingo zake kwa msasa zisikwaruze, akaingiza mpira wa pampu upande mmoja, akazungushia ukanda wa tyubu kuukuu upande wa pili ili ubane kwenye tundu. Ilifanya kazi. Pampu ya mpira wa miguu yenye sindano nayo hivyohivyo, ila hiyo imetengenezwa kwa mpira wa lita tano na ushee. Kwa lita 87 mkono utakulaani.

Kwa mdomo, usijaribu. Nilipuliza pumzi kumi siku moja kujiridhisha, nikaona nyota saa tano asubuhi, na mpira ulikuwa bado umelala. Draya ya saluni yenye kitufe cha hewa baridi inaweza kuusimamisha, lakini haina nguvu ya kuumaliza, na hewa ya moto haifai hata dakika moja.

Kompresa ya kona iwe ya mwisho kabisa. Tairi la gari dogo linajazwa kama PSI 30, na mashine ile imezoea hivyo. Mpira wako unahitaji sehemu ndogo sana ya nguvu hiyo. Kama huna namna, nenda na futi. Mwambie kijana kwa heshima, "Mwanangu, fungua kidogo, sekunde moja moja, mimi ndiye nitakayesema basi." Usimruhusu aubonyeze. Ikifika 138 mshukuru, mlipe, ondoka, hata kama anakuambia bado laini.

Ukishajaa

Wiki mbili za kwanza pima kila Jumapili. Utapungua kidogo, utaongeza mapigo machache. Baadaye mara moja kwa mwezi inatosha.

Uweke mbali na dirisha la jua la mchana na usiuache ndani ya gari lililofungwa, hata kwa muda wa kuingia sokoni. Kuuosha ni maji ya uvuguvugu na sabuni laini. Dawa kali za chooni na petroli zinakausha plastiki. Nje ya nyumba, kwenye mchanga na kokoto, usiukalie kabisa.

Usifikirie kuugeuza kiti cha kazi kwenye cherehani ya miguu. Nilifikiria. Miguu yote miwili iko kwenye pedeli, hakuna kinachokushika sakafuni, na mpira unalijua hilo kabla yako. Nilijikuta nimekumbatia meza na suruali ya mtu imeshonwa mfuko ukazibwa. Mimi hushona kwenye kiti changu cha kawaida, nikifika robo saa ya mazoezi nahamia kwenye mpira, narudi.

Mpira uliotoboka hauzibwi. Fundi pancha atakuonyesha gundi yake na atakuhakikishia, lakini kiraka hakivutiki sawa na plastiki iliyokizunguka, na siku utakayoukalia kwa uzito wote kinaweza kuachia kwa ghafla ukiwa huna cha kushika. Hata wenye nundu ni hivyohivyo. Ule wangu wa 75 niliutia mkasi wa vitambaa vizito, nikapata pande kubwa la plastiki isiyopitisha maji, nikalipiga pindo pembeni. Sasa ndilo linalofunika cherehani masika, maana dirisha la upande wa barabarani linavuja. Pale penye nundu linaingia gurudumu la mkono, limekaa kama lilipimwa.